Nilimkataza Mama Kula kwa Mkono Mgahawani

Shangazi mpendwa, nisaidie, mwenzio roho inaniuma mpaka kazini naandika majina ya wagonjwa kombo. Mimi ni mpokea wageni kwenye kliniki ya meno, kitindamimba wa mama, na mama anaishi nami tangu baba afariki. Mwezi uliopita nilipandishwa cheo, daktari wetu akatualika wafanyakazi wote mgahawa wa Kithai, akasema njoo na mama, basi nikamvalisha nguo yake nzuri tukaenda, ukaletwa wali wa kunata kwenye vikapu vidogo vya mianzi, mama akanawa, akafinyanga tonge lake taratibu, akachovya kwenye mchuzi, na mimi kwa kuona haya mbele ya wenzangu nikamwambia kwa sauti, "Mama, hapa si nyumbani! Shika kijiko, unaniaibisha." Mama akalirudisha tonge kikapuni, akafuta vidole, akasema, "Nimeshiba, mwanangu," na alikuwa hajala hata moja! Kumbe, Shangazi, mhudumu alipokuja kuondoa vyombo akauliza kwa upole mbona bibi ameacha, maana wali ule kwao huliwa kwa mkono, na yeye peke yake ndiye aliyeanza kuula inavyotakiwa. Nilitamani ardhi inimeze.

Tangu siku hiyo mama hali nami. Nikipika anabeba sahani chumbani, anafunga mlango, na mara nyingi sahani inarudi kama ilivyokwenda, amekonda, na sasa amempigia dada yangu aje amchukue mwisho wa mwezi. Nimemnunulia viatu, akasema, "Asante, mama," basi. Nifanyeje?

Kitindamimba

Kitindamimba, pole. Sasa nikugombeze, na ukubali. Aliyekufundisha kula ndiye wa kumfundisha kula? Barua yako nimeisoma mara mbili, neno "samahani" sijaliona. Viatu si samahani, bibi wee! Wala usijidanganye kwamba kosa lako ni kutojua desturi za Wathai. Hata kama wali ule ungekuwa wa kijiko, bado ungekuwa umemkosea mama yako.

Unadhani amenuna. Hajanuna. Anajificha asije akakuaibisha tena, na hilo ni baya kuliko kununa.

Leo hii pika, pakua kwenye sinia moja, gonga mlango wake, mnawishe mikono, ukae chini ule naye kwa vidole vyako vitano. Mwambie, "Mama, nilikukosea, naomba radhi." Usimweleze habari za cheo wala za daktari. Akilia, mwache alie. Kesho waambie na wenzako wa kliniki, maana ulimvunjia heshima mbele yao. Akitaka kwenda kwa dada yako, aende kwa kumtembelea, si kwa kuyakimbia macho yako.

Haya, funga gazeti uingie jikoni. Mama yako ana njaa.