Jina Litakuja Somoe

Jumatatu, 14 Julai

Nimefungua duka hapa Kariakoo saa mbili kasoro. Zipu nyeusi zimekwisha. Za damu ya mzee bado katoni nzima, hakuna anayezitaka. Mafundi cherehani wawili wa mikoani wametuma hela kabla ya saa nne, mmoja wa Kahama, mmoja wa Songea. Nimefunga mizigo, mpagazi kapeleka kwenye basi. Hawa watu sijawahi kuwaona. Wanatuma hela, linatokea jina langu kwenye simu zao, wanajua wamefika. Wa Songea ni miaka sita sasa.

Meseji za matapeli leo tatu. Ya kwanza: mwenye nyumba anataka kodi yake kwenye namba nyingine. Naishi kwenye nyumba ya marehemu mama Magomeni, sijalipa kodi tangu nizaliwe. Ya pili: mwanangu kaanguka shuleni. Mwanangu ana miaka thelathini na moja, anafuga kuku Kibaha. Ya tatu nimeshinda kitu, sijui nini. Nikamsomea Hadija, jirani yangu hapa dukani, muuza mapazia. Tumecheka mpaka mteja akatukata jicho. Nikasema wanaoliwa na hawa ni wenye tamaa na wajinga. Hadija akarudi kwenye mapazia yake. Jioni ndiyo nikakumbuka kwamba mwaka jana na yeye aliliwa. Mdomo wangu huu.

Jumatano, 16 Julai

Mtu kaandika "mwizi" chini ya picha ya lesi kwenye ukurasa wa duka. Nikadhani kakosea ukurasa. Nikafuta.

Saa nane karudi, safari hii na picha ya meseji aliyotumiwa. "Ile hela nitumie kwenye namba hii, jina litakuja SOMOE HASSANI NANGUMBI."

Majina yangu yote matatu. Namba siijui. Kaandika kwamba alikuwa anadaiwa ada ya gari la shule la mtoto, meseji ikaingia wakati huohuo, akatuma. Kisha akalitafuta jina mtandaoni akanikuta mimi, na vifungo vyangu, na picha yangu nimevaa dera la njano natabasamu.

Nimefuta tena.

Alhamisi, 17 Julai

Wengine watatu. Mmoja kapiga simu kabisa, mama wa Newala. Alikuwa anamtumia mwanawe hela ya chumba chuoni. Kaniita mbwa. Kaniita mchawi. Nikamwacha amalize, halafu nikamwambia si mimi.

"Jina si lako?"

"Ni langu."

"Sasa?"

Akaanza kulia. Afadhali angeendelea kutukana.

Ijumaa, 18 Julai

Hadija kanionyesha namba za kubonyeza ili kujua laini ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho changu. Alijifunza mwaka jana, kwa machungu yake. Mimi nina laini mbili, yangu na ya duka. Jibu likaja: tatu.

Nikakaa juu ya katoni. Ikanijia yote.

Mwezi wa tano nilisajili laini ya duka hapa mtaani, kwa binti mmoja anayekaa chini ya mwamvuli na kile kifaa cha alama za vidole. Nikaweka dole gumba. Akasema mtandao unasumbua, mama, weka tena. Nikaweka tena. Nikampa pole kwa jua. Nikamnunulia na maji ya baridi.

Mara ya kwanza laini yangu. Mara ya pili laini ya mwizi. Na mimi ndiye niliyesema Jumatatu kwamba wanaoliwa ni wajinga. Nimemwomba Hadija msamaha. Kasema yalishapita, lakini kasema huku anakunja pazia, haniangalii.

Jumamosi, 19 Julai

Mwamvuli haupo. Muuza kava za simu kasema binti kahamia Mchikichini. Nikafunga duka saa tano, siku ya Jumamosi, kitu sijawahi kufanya. Nikaenda.

Nimemkuta mwanzoni mwa soko, kwenye viatu vya mitumba. Mwamvuli uleule. Kanisalimia shikamoo kabla hajanitambua. Sikuitikia. Nikamkamata mkono, nikamtajia majina yangu matatu, nikamwambia anaijua hiyo laini aliyoisajili kwa dole langu.

Kabadilika rangi. "Mama nakuomba, usipige kelele. Si wewe peke yako. Bosi alikuwa anataka laini nyingi kwa siku, kuna jamaa anakuja kuzichukua. Mimi simjui hata jina."

Si wewe peke yako. Kama vile hiyo ni pole.

Muuza viatu akasogea, kiatu kimoja kila mkono. "Vipi bi mkubwa, kakuibia?" Nyuma yake wakasogea wengine. Watano, kumi, sijui. Siku ya nne hii naitwa mwizi. Lakini mimi naitwa kwenye simu. Pale sokoni neno hilo nikilitamka mimi, hakuna wa kulirudisha. Tunajua sote kinachofuata.

Binti akajibanza nyuma yangu.

Nikasema, "Hapana. Ni mwanangu, tunagombana mambo ya nyumbani."

Wakacheka, wakarudi kwenye viatu vyao. Nikamwachia. Nisijifanye mtu mwema hapa, kwani hakuna anayesoma. Sikumhurumia. Niliogopa kuona.

Jumatatu, 21 Julai

Polisi, kisha ofisi ya kampuni ya simu. Polisi nimewaeleza binti alipo. Mchana wakaniambia wamekwenda, hayupo. Nilijua.

Kwenye ofisi ya simu kijana wa dirishani kasema ili kuifunga laini niweke dole gumba. Nikauliza mara ngapi. Kacheka. Mimi sikucheka. Mara moja tu, mama. Nikaweka, nikaondoa mkono haraka.

Laini imefungwa. Nikampigia mama wa Newala kumwambia. Akauliza, na hela ya mwanangu? Nikasema hiyo polisi hawajui wamdai nani. Akasema haya dada, akakata. Kaniita dada. Nimelia kidogo njiani.

Jumanne, 22 Julai

Fundi wa Songea kaniandikia. Kaona maneno kwenye ukurasa. "Kwa sasa nimepata mtu mwingine hapo hapo Kariakoo, samahani." Miaka sita. Nilimtumia uzi wa bure alipofiwa na mkewe. Nimeumia kuliko matusi yote. Kahama hajibu kabisa.

Leo nimeuza uzi wa rejareja tu.

Jumatano, 23 Julai

Nimewaandikia wateja wote. "Ndugu mteja, puuza ujumbe wowote wenye jina langu kutoka namba nyingine. Namba yangu sahihi ni hii." Nikaisoma. Ningeipata mimi, ningeifuta papo hapo. Nikaongeza, "Huu si utapeli." Ikazidi kunuka. Nimekaa nayo saa nzima, kila sentensi ya kweli ninayoitunga, matapeli wale walishaitumia.

Nikaituma hivyohivyo. Wengi kimya. Mmoja kanitukana. Mama mmoja wa Ifakara kauliza ameshinda nini.

Ijumaa, 25 Julai

Hakuna oda ya mkoani. Hadija kaja na chai, kakaa, tumekunywa. Nimeshukuru.

Jumamosi, 26 Julai

Saa nne simu imeita, ya picha. Songea. Nikavuta ushungi vizuri, nikapokea.

Nilikuwa nadhani ni kijana. Ni mzee, ndevu nyeupe, miwani imefungwa kwa uzi mweusi sikioni. Nikamwamkia shikamoo. Miaka sita nilikuwa nasema mambo vipi kaka. Kaitikia marahaba taratibu. Kasema yule mwingine kamtumia lesi mbovu. Halafu akasema, "Nionyeshe duka."

Nikazungusha simu. Rafu, vifungo, meza, barabara, Hadija akapunga mkono. Nikarudi kwenye uso wangu. Akanitazama kwa muda. Na mimi nikamtazama. Nyuma yake kuna cherehani na magauni matatu ya sare yamening'inia.

Nikaanza kumtajia majina yangu, kama yalivyo kwenye kitambulisho.

"Acha majina," akasema. "Kaa hapohapo nikuone, natuma."

Nimekaa. Hela imeingia. Nimepima lesi mita arobaini mbele ya simu, anaangalia.