Kaburi la Baba Juu ya Bwawa

Jumanne, hapa kijijini Bahati. Tangu asubuhi mawingu yamekaa juu yetu, hayanyeshi wala hayaondoki.

Leo afisa wa maji alikuja kukagua bwawa letu. Nilikuwa nimejiandaa kumwambia ni kijibwawa tu cha ng'ombe na sukuma wiki, kinamwogopesha nani? Hakubishana. Alisimama juu ya ukuta wa udongo akatazama upande usio na maji, kule bondeni, jirani yetu Nyambura alikojenga nyumba na kufungua nasari ya watoto.

“Boss, dam ni kadogo, sawa,” akasema. “Lakini sisi tunaangalia ikipasuka itapata nani. Hii yenu naiweka hatari ya juu.”

Baba alipolijenga, huko chini kulikuwa na nyasi tu. Bwawa halijakua hata kidogo. Watu ndio wamesogea.

Kisha afisa akaliona kaburi.

Baba alikuwa ametuomba tumzike juu ya ukuta wake, ayaangalie maji yake. Tukachimba katikati kabisa huku tukiimba, na hakuna aliyewaza kwamba tunautoboa ukuta. Sasa chini ya kaburi, upande wa Nyambura, pana majimaji. Nimekuwa nikijiambia ni umande. Afisa alipakanyaga, kiatu kikazama.

Akasema tufungulie maji leo leo, halafu baba ahamishwe na ukuta ushindiliwe upya.

Mama alimsikiliza hadi mwisho. “Mzee wangu hatoki hapo. Na mimi place yangu ni hapo kando yake. Mkitaka kuchimba, ngojeni mnizike kwanza.” Akaingia ndani akafunga mlango.

Alasiri Nyambura alipanda kuchota maji ya nasari. “Mungu awabariki na hii dam, Kamau. Bila nyinyi hawa watoto wangekunywa nini?”

Nikajibu amina. Amina! Nilitamani kuumeza ulimi.

Nimebanwa kila upande. Nikifungulia maji, nasari na ng'ombe wanakauka, na mama ataniona nimemsaliti baba. Nikiyaacha, kila mvua itakuwa inanitafuta mimi.

Matone ya kwanza yalipogonga mabati, nilivaa gambuti nikaenda kufungua bomba la chini la kutolea maji. Lilikuwa limeshika kutu, nikalipiga nyundo nikilia kama mtoto, mpaka maji yakaruka. Nikashuka kwa Nyambura nikamweleza yote, nikamwomba asilale pale wala asipokee watoto kesho.

Alianza kukusanya nguo zake. “Na niliposema Mungu awabariki, ulikuwa unajua?”

Nilikuwa najua.

Sasa maji yanashuka, lakini polepole, na mvua imekaza. Nimerudi nikakuta mlango wa mama uko wazi. Kutoka hapa dirishani ninapoandika, namwona juu ya ukuta na mwavuli wake, ameketi kwenye saruji ya kaburi. Nimemwita mara kadhaa. Hageuki.

Baba nitamhamisha, hilo nimeamua. Lakini mama je, nitamtoa pale vipi?