Mstari wa Chini ya Cheti

Jumatatu, 21 Julai
Majaribio sita tangu asubuhi. Yote yamepita. Natuma cheti cha minofu ya sangara kutoka kwenye mfumo wetu, kinaingia kwenye sanduku langu la barua pepe la ofisini, nakikagua: saini halali. Narudia. Halali. Chai imepoa mara mbili.

Kwa mnunuzi huko ng'ambo, vyeti hivyo hivyo vinakataliwa. Kompyuta yake ina jibu moja tu: barua imebadilishwa baada ya kutiwa saini. Kwa lugha ya mtaani, kuna mtu kwenye maabara yetu anachezea majibu ya vipimo.

Saini hii si ya wino. Mfumo unaipima barua nzima herufi kwa herufi, kisha unaifunga kwa ufunguo wa siri. Ikiongezwa hata nukta moja njiani, anayepokea anajua. Nimewaeleza wakubwa jambo hili miaka yote nikidhani hawasikilizi. Kumbe walisikiliza vizuri sana. Ufunguo ninao mimi peke yangu.

Jumanne, 22 Julai
Nimeitwa na Bwana Idrisa. Ndiye mkurugenzi tangu baba yake, Mzee Twalibu, afariki mwezi uliopita. Hakunikaribisha kiti. Mnunuzi amemletea orodha. Cheti cha mwisho kupokelewa ni cha tarehe 24 Juni. Cha kwanza kukataliwa ni cha tarehe 26. Katikati kuna siku moja, nayo ni siku ya mazishi.

"Watu wote walikuwa makaburini, Maduhu. Wewe ukarudi ofisini peke yako. Kufanya nini?"

Kuweka mstari. Yeye mwenyewe aliuagiza. Ni desturi ya ofisi yetu: tukifiwa, kila barua inayotoka inabeba neno la msiba mpaka arobaini ipite. Zamani Mama Neema, katibu muhtasi, alikuwa akiuchapa kwenye kila karatasi. Siku hizi nauweka mimi kwenye barua pepe za wafanyakazi. "Tunamwombea marehemu Mzee Twalibu, mwanzilishi wa maabara hii."

Akasema hiyo ni kazi ya dakika tano. Daftari la mlinzi linaonyesha nilikaa saa nzima. Ni kweli. Muda uliobaki nililia. Sikumwambia. Nitamwambiaje mtoto wa marehemu kwamba nilimlilia baba yake?

Nisitoke Mwanza. Nisitume chochote nje ya ofisi. Kikao cha nidhamu ni Jumatano ya wiki ijayo. Nikishindwa kujieleza, nafukuzwa na faili linakwenda polisi.

Alhamisi, 24 Julai
Nimebadilisha ufunguo. Nimekagua saa ya seva. Nimesoma tena kila mstari wa programu niliyoiandika mwenyewe. Humu ndani kila kitu halali. Kinachoharibika kinaharibika nje, na nje nimekatazwa. Ni sawa na kuambiwa tafuta tundu la ndoo lakini usitie maji.

Mama amepiga simu kutoka Misungwi. Dengu zimekauka, ananitaka Jumamosi nikasaidie kung'oa. Nimemwambia kazi zimebana. Nimemdanganya mama yangu.

Ijumaa, 25 Julai
Mchana wenzangu wamehamia meza ya dirishani. Nimekula sato peke yangu. Hakuna aliyenitukana. Wananisalimia kwa adabu mno, na hiyo ndiyo inaniumiza.

Naona aibu ya mwizi na sijaiba.

Jumapili, 27 Julai
Nyumbani, Butimba. Nimeshinda ndani.

Leo nimeanza kujishuku. Labda kweli kuna kitu nilikigusa siku ile. Macho yalikuwa yamejaa machozi.

Jumatatu, 28 Julai
Mama Neema ameingia chumbani kwangu bila kubisha, kama kawaida yake. Ndiye pekee ambaye hajabadilika. Wakala wa mnunuzi, aliyeko Dar, alimpigia kuulizia mzigo, akampa pole ya Mzee.

Nikamuuliza huyo wakala alijuaje.

"Si ameona chini ya cheti? Anasema kila cheti anachopata nakala yake kimeandikwa hivyo."

Chini ya cheti.

Mstari ule niliuweka kwenye barua za wafanyakazi. Vyeti vina njia yao. Vilikuwa na njia yao! Mashine ya zamani ilikufa mwezi wa nne, nikavihamishia kwenye seva ya barua za wafanyakazi, kwa muda tu, nikasahau. Sasa mfumo unatia saini, barua inafika langoni, pale zinapotokea barua zote za nje, lango linabandika msiba chini yake, linaitoa. Barua za ndani hazipiti langoni. Ndiyo maana majaribio yangu yote yalikuwa mazuri.

Ni mimi. Bila nia mbaya, lakini ni mimi. Nimecheka peke yangu.

Jumanne, 29 Julai
Nimemweleza Bwana Idrisa. Nimemchorea na picha. Akaivuta karatasi karibu yake.

"Kwa hiyo kinachokataliwa ni jina la baba yangu."

Nikaomba ruhusa ya kuutoa mstari ili nimwonyeshe. Akakataa. Arobaini ni Jumamosi, hautatoka hata siku moja kabla. Kikao kipo palepale. Na akaongeza kwamba kumsingizia marehemu ni rahisi kwa sababu hajibu.

Nimemchukia leo. Naandika wazi. Mzee alikuwa akiniita mwanangu mbele yake, na nadhani hajawahi kunisamehe hilo.

Saa kumi. Mjinga mimi. Si lazima mstari utoke. Uingie mapema! Nikiuandika ndani ya cheti chenyewe, kabla ya saini, utapimwa pamoja na mengine yote. Langoni nivipitishe vyeti bila kuongezwa kitu. Nimebadilisha. Humu ndani ni halali, lakini humu ndani kila kitu ni halali.

Jumatano, 30 Julai
Wajumbe watano, mimi upande wangu peke yangu. Nimeomba jambo moja: nitume cheti kimoja kwa wakala wa Dar mbele ya macho yao. Wakatazamana. Bwana Idrisa akasema tuma.

Mama Neema akampigia wakala, simu akaiweka mezani wote wasikie. Tukasubiri. Jasho lilinitoka mpaka kwenye soksi.

"Hii imekubali. Kijani kabisa. Na mstari wa Mzee nauona. Poleni tena jamani."

Kikao kimefungwa. Hakuna aliyeniomba radhi. Wenzangu wamerudi mezani kwangu na maneno mengi. Sikuwa na hamu nayo.

Jumamosi, 2 Agosti
Arobaini, nyumbani kwa Bwana Idrisa. Nilikaribia kutokwenda. Nimekwenda kwa ajili ya Mzee.

Baada ya dua tukakaa kwenye mikeka, pilau ikaletwa. Bwana Idrisa mwenyewe alizunguka na birika na beseni, akiwanawisha watu mmoja mmoja. Alipofika kwangu akachuchumaa. Mikono yangu ikawa safi, maji yakaendelea kumiminika.

Akauliza kwa sauti ya chini, bila kunitazama, "Ile saa nzima, ofisini. Ulikuwa unafanya nini?"

"Nilikuwa nalia."

Akatikisa kichwa polepole. Birika lilikuwa limeishiwa maji na bado amelishika hivyo hivyo juu ya mikono yangu. Kisha akainuka kwenda kujaza.

Jumapili, 3 Agosti
Asubuhi nimepita ofisini. Hakuna mtu. Nimeutoa mstari kwenye cheti. Nimetoa na ule wa kwenye barua za wafanyakazi. Nimetuma cheti kimoja nje, kwenye anwani yangu ya nyumbani. Saini halali. Chini hakuna kitu.

Nimekaa kidogo.

Sasa naelekea Misungwi. Mama anasema dengu hazijaisha.