Selile ya Furaha

Jumanne

Aibu hii itanimaliza. Asubuhi Furaha wangu, anayesoma Bukavu, aliniambia kwa simu: "Mama, mu laboratware tunaweka dawa ya wadudu ndani ya selile, tunaangalia kama itapata kansa."

Selile ninayoijua minye ni hii yetu ya Kimanga, kipande cha mtaa kuanzia kwa Mama Zawadi mpaka kwenye robine, lile bomba la maji. Mtoto wangu anawekea watu sumu! Nikakimbia kwa shefu wa selile, kiongozi wetu, nikamwomba asimushtaki, maana iko bado mtoto.

Shefu akaogopa kunishinda. "Selile yangu? Na mimi nakohoa tangu juzi!" Akafunika ndoo yake ya maji, akasema tumupigie Furaha.

Furaha alicheka mpaka nikafikiri simu imeharibika. "Mama weye! Selile ni kachembe kadogo ka mwili, hakaonekani kwa macho. Tunakalea ndani ya chupa. Hatugusi muntu."

"Na mu hiyo chupa," shefu akauliza, "shefu wa selile ni nani?"

Tulicheka wote, nikamshukuru Mungu. Halafu nikauliza, kwa kuuliza tu, ni dawa gani.

"Ule unga mweupe unaochanganya na maharagwe yasitobolewe na wadudu, Mama. Majibu hayajatoka."

Shefu akaacha kucheka. Jana nilimpelekea sahani nzima ya maharagwe hayo.

Mfuko wa maharagwe nimeutoa nje, nikaurudisha, nimeutoa tena. Na leo, baada ya kuombea watoto, nimeombea pia kale kachembe ka ndani ya chupa. Mungu wangu, kavumilie, kasipate kansa.