Jiwe Halikutumwa na Ndululu

Machimboni, Kibwezi
Jumapili, 9 Novemba 2025

Mpendwa dada Kanyiva,

Huu ni mwezi wa nane tangu nitoke Zombe. Hamjambo huko? Mwaitu, mama yetu, miguu bado inamsumbua? Mvua imetosha kupanda pojo? Mimi ni mzima, isipokuwa mgongo, ambao siku hizi huchelewa kuamka kuliko mimi.

Kusow, yule mfanyabiashara wa ng'ombe, alinifikishia kipande cha jiwe lililoanguka zizini. Uliniagiza nikitupe katika mto Athi bila kukitazama. Nisamehe, nilikitazama. Mtu anayepasua mawe kutwa hawezi kupewa jiwe geni akafumba macho.

Najua kwa nini mnaogopa. Lilipopasuka mliona nyuzi nyeusi ndani, kana kwamba limeungua, na majani ya zizini hayakuungua hata moja. Ndiyo maana mama anasema ni kithitu, kile kiapo cha kuua, na kwamba jirani yetu Ndululu ameturushia kwa sababu ya mpaka wa shamba. Hata mimi nilinawa mikono mara mbili.

Basi alikuja hapa Mumina, dada mmoja mtaalamu wa mawe, kupima kokoto za barabara. Nikamwonyesha. Alilitazama kwa kioo chake cha kukuzia, akaligeuza na kuligeuza mpaka Kivuva, mwenzangu wa nyundo, akanitania: "Mwau, umeleta jiwe au mgonjwa?"

"Mgonjwa alipona zamani," Mumina akacheka. "Hili limetoka angani."

Alisema ngozi nyeusi ya nje iliyeyuka jiwe likipita hewani, nayo ni nyembamba kama ganda la yai. Zile nyuzi za ndani ni jambo jingine. Zamani sana, kabla ya mtu yeyote kuwako, lilikuwa sehemu ya jiwe kubwa huko juu, likagongwa na jingine. Pigo lilipopita ndani, sehemu nyembamba zilipata moto ghafla, zikayeyuka, kisha zikaganda upesi kama chupa nyeusi. Kwingine likabaki jiwe tu, lenye nyufa.

Nilibisha. Jiwe liyeyuke katikati bila kuwekwa motoni?

"Kaka, gusa hiyo patasi yako," akaniambia.

Nilikuwa nimetoka kuipiga. Iliniunguza. Kanyiva, nimepiga chuma miaka yote hii na sikuwahi kujiuliza ule moto unatoka wapi. Sasa kila nikiinua nyundo nawaza: ni pigo la namna gani hilo, la kuyeyusha jiwe?

Kwa hiyo moto wa ndani ni wa kale, na jiwe lilifika chini limepoa. Ndululu hana mkono wa kurusha hivyo. Hata akimrushia jogoo wake kijiwe, humkosa.

Tafadhali msomee mama barua hii, maana maneno ya simu yeye huyaita ya hewa. Na umzuie asimpeleke Ndululu kwa wazee kabla sijafika. Mtu akishasingiziwa kithitu, hakuna atakayekula tena kwake, wala kuoa binti zake.

Nisalimie shemeji Kimeu na mwanangu Ndunge. Mungu awafunike nyote mpaka tuonane.

Nitafika Jumamosi, tarehe ishirini Desemba, jiwe likiwa mfukoni. Mwambie mama akae mlangoni anitazame: nitapita kwanza kwa Ndululu, nimwombe chai, niinywe yote.

Mdogo wako asiyeacha kukupenda,
Mwau