Amplifaya ya Kopo la Biskuti

Jumatatu, 4 Machi
Mama mkwe kaletwa leo kutoka hospitali. Kapasuliwa goti, daktari kasema apumzike. Tumempa chumba chetu, sisi tumehamia sebuleni. Kati yake na gitaa langu kuna ukuta wa mbao tu. Nikawasha spika kwa sauti ya chini kabisa – akagonga ukuta kwa mkongojo. Mume wangu akanitazama. Nimeelewa. Lakini bendi inanijaribu Jumamosi ya wiki ijayo, na nyimbo zenyewe sizijui! Gitaa la umeme bila spika ni kama kupika bila moto. Mikono inachoka, hakuna kinachoiva.

Jumatano, 6 Machi
Nikitoka saluni nilipitia kwa Fundi Volti, yule wa redio nyuma ya soko. Nikamwambia nataka amplifaya ndogo ya kusikilizia kwa hedifoni, na nitaiunda mwenyewe. Akauliza kama kusuka nywele kumenishinda. Ila alinichorea mchoro, akanipa chipu moja – kidude cheusi chenye miguu minane – na vikorokoro alivyong'oa kwenye redio iliyokufa. Chuma cha kulehemu kaniazima. Kanionya nisiiunguze chipu, hana nyingine.

Ijumaa, 8 Machi
Nimelehemu kwenye meza ya jikoni. Nimeungua kidole gumba, afadhali si cha kubonyezea nyuzi. Vyote vimeenea kwenye kopo la biskuti. Nikachomeka gitaa, nikavaa hedifoni, nikawasha – mtangazaji anatangaza mpira! Gitaa liko mbali huko, kama limetumbukia kisimani. Mume wangu alivaa asikilize, akacheka mpaka akakaa chini, akaanza kutangaza na yeye. Nilimnunia. Mama mkwe akauliza toka chumbani nani kafunga goli.

Jumamosi, 9 Machi
Fundi Volti kasema waya zangu ni ndefu mno, zinadaka redio kama antena. Nizikate, na kopo lenyewe niliunganishe na upande hasi wa betri. Nimekata. Nimeunganisha. Nimewasha. Kimya. Nikagusa uzi mmoja –
Sijui niandikeje. Sauti nene, safi, katikati ya kichwa changu, na nyumba nzima haina habari. Nililia kidogo. Mume wangu alidhani nimeungua tena.

Jumanne, 12 Machi
Nyimbo zinakubali. Mama mkwe ndiye hakubali. Nilimpelekea chai, akageukia ukutani. Nikauliza goti linauma? Akasema goti halina neno.
"Nyumba imepoa kama haina watu," akasema. "Wewe unatikisa kichwa peke yako huko. Siku ile niligonga uongeze sauti, mkwe wangu. Nani alikwambia upunguze?"
Sikujua niweke wapi uso wangu. Nikasema basi niwashe spika kubwa. Akakataa, jirani wa juu ana kichanga. Halafu akanikumbusha kwamba Jumapili shemeji, mwanawe mkubwa, anakuja kumchukua. Kule ana chumba kikubwa na televisheni. Na mchana kutwa hakuna mtu.

Alhamisi, 14 Machi
Nimelitoboa kopo tundu la pili, nikaweka soketi ya pili. Mama alinishikia tochi, mguu juu ya mto, akinikosoa: mkono unatetemeka, vuta pumzi kwanza. Kisha kila mtu akavaa hedifoni yake. Akafumba macho. Wimbo wa tatu akanisimamisha, akauliza ninakimbia nini, nani ananifukuza. Kweli nilikuwa nakimbia!
Mume wangu alirudi akatukuta kimya, vichwa vinatikisika pamoja. Eti alisalimia mara mbili. Akaenda kujipikia.

Jumapili, 17 Machi
Jana bendi wamenichukua. Mama kazipokea habari kama kachukuliwa yeye.
Leo mkoba wake uko mlangoni tangu asubuhi. Kavaa vizuri, hedifoni juu ya kitambaa cha kichwa. Aliomba wimbo mmoja wa kuagana. Shemeji akapiga honi nje. Mimi niliisikia, nilikuwa nimeziba sikio moja tu. Mama akainua kidole: rudia. Nikarudia. Honi tena. Akaniambia niongeze sauti.
Sasa shemeji yuko sebuleni, mkoba mkononi, anaongea na mume wangu taratibu. Nimemwambia Mama betri imeisha, ngoja nibadilishe. Haijaisha. Nimejibanza jikoni naandika, ili apate nafasi aseme mwenyewe anachotaka.
Nimechungulia. Shemeji kasimama mbele yake, anamwambia gari linasubiri. Mama anamtazama usoni, anaitikia kwa kichwa. Hedifoni hajavua, wala hainuki.