Mfalme na Mpanga Viatu

Ijumaa, 1 Septemba. Riyadh
Nimeosha gari. Nimempeleka madam sokoni, nimerudi. Saa nane niko mtaa wa Malaz kwa Akinyi nesi, kwa maombi. Watu tisa, mimi ndiye mzee wao. Shule niliachia darasa la nne, lakini miaka ishirini na mbili naendesha gari mji huu bila mkwaruzo. Nanusa hatari kabla haijapinda kona.

Viatu tunaingiza bafuni, kwenye beseni la kuogea, jirani asione rundo mlangoni akatushtaki; maombi ya Kikristo hapa ni marufuku. Runinga juu, nyimbo chini.

Leo kuna mgeni. Musyoka, soja wa ghala, ametoka Jeddah. Anachekacheka. Simpendi.

Akinyi akampa afundishe. Nafasi yangu hiyo. Musyoka akasema Masihi ni mpakwa mafuta, yaani mfalme. Watu walingoja mwana wa Daudi aje na upanga, afukuze Warumi. Akaja, akatundikwa, na kibao juu ya kichwa: mfalme. Kibao cha dhihaka. Wakristo wa kwanza wakakisoma kama kweli tupu.

Sawa. Lakini mbona habari za wafalme, katika nchi yenye mfalme wake? Anatutega tuseme neno.

Jumapili, 3 Septemba
Nimekumbuka kitu. Ijumaa Musyoka alienda bafuni mara mbili. Nilichungulia. Anapanga viatu, jozi kwa jozi. Anayehesabu viatu anahesabu watu.

Ijumaa, 8 Septemba
Nilimuuliza Musyoka mbele ya wote: mfalme gani hana askari?

"Mzee wangu, hata Wakristo wa kwanza waliulizwa hivyo."

Eti kodi walilipa, Kaisari walimwombea, ila kumsujudia walikataa. Mfalme wao alikuwa ameshaketi, mkono wa kuume wa Mungu, na njia ya kupandia kiti ilikuwa msalaba. Akinyi akalia. Mimi nikatazama mlango.

Musyoka akaenda tena bafuni.

Nikamwambia Akinyi huyu atoke, ama mimi sirudi. Akasema, "Mzee, hiyo ni hatari unanusa, ama ni wivu?" Mimi nimwonee soja wivu!

Jumanne, 12 Septemba
Nimemtega Musyoka. Nimemtumia ujumbe kwamba Ijumaa maombi yamehamia jengo la karibu na duka la matairi. Huko hakuna maombi. Akija na watu wa kutushika, nitawaona nikiwa garini. Wengine sijawaambia. Hakuna mwingine hapa mwenye akili ya namna hii.

Ijumaa, 15 Septemba
Niliegesha ng'ambo. Akaja peke yake na mfuko wa mikate. Akabonyeza kengele. Mtu akachungulia, akamwambia mafi, hakuna. Akasimama juani saa nzima na nusu. Akapiga simu, ikalia mfukoni mwangu. Sikushika. Hakuna aliyekuja. Akaondoka kwa miguu.

Labda aliliona gari. Mjanja sana huyu.

Jumanne, 19 Septemba. Jeddah
Nimemleta bosi kwa mama yake, mtaa wa Aziziya. Mwendo wa saa tisa barabarani, sikusinzia hata kidogo. Anayepika hapa ni Wanjiru, Mkenya mwenzetu. Zamani alisali mtaa wa Al-Mahjar siku yake ya kupumzika. Nikamuuliza kama anamjua Musyoka.

Akavua kandambili, akanionyesha nyayo. Makovu.

"Mzee, mlango uligongwa tukiomba. Tukajua halas, tumekwisha. Tukakimbilia ngazi za nyuma. Viatu rundo moja, kila mtu anavuta cha mwenzake. Mimi nikatoka miguu mitupu kwenye lami ya moto ya saa saba mchana."

Nani aligonga?

"Mwenye nyumba. Bomba lilivuja." Akacheka mpaka akashika meza.

Musyoka ndiye aliyebaki akafungua. Hakujua ni bomba. Alisema hawa wote ni wageni wangu, kuna neno niulizeni mimi. Kisha akamtafuta Wanjiru, akamkuta ameegemea ukuta, akamwosha nyayo kwa maji ya chupa. Tangu siku hiyo popote pa maombi anapanga viatu, ncha zikielekea mlangoni.



Ijumaa, 22 Septemba. Riyadh
Jana nilimpigia Musyoka nikamwambia nilimdanganya, na kwa nini. Akasema ile mikate aliila siku tatu.

Leo amekuja. Nimempa kiti changu. Alichofundisha sikusikia chote, nilikuwa bafuni. Jozi kumi. Vyake vimelika kisigino cha kushoto. Vyote nimevigeuza vielekee mlangoni. Vyangu nimeviweka nyuma ya vyote.